Ufundi Uliofichwa Huzikwa na Mwenyewe
Rafiki wa Kachibora, fundishaneni kazi za mikono kabla ya mvua kunyesha

Ndugu mkulima, mahindi yakiisha kuvunwa na kupukuchuliwa, na mabua yakiisha kupewa ng'ombe, huja majuma machache ambayo jembe halina haraka. Huku Kachibora, na Kaplamai, na Sinyerere, na Motosiet, majuma hayo huwa kati ya Krismasi na mvua za mwezi wa Machi. Ng'ombe hukamwa kama kawaida, lakini alasiri ni ndefu. Wengi huzimaliza alasiri hizo sokoni wakizungumza. Mazungumzo si kosa. Lakini iko kazi nyingine ambayo watu walewale waweza kuifanya, chini ya mti uleule, bila kuomba mkopo wa mtu yeyote.

Kazi hiyo ni kufundishana. Wewe una jambo ambalo mikono yako inalijua. Jirani yako ana lake. Mkikaa mbalimbali, kila mmoja ni fundi wa kitu kimoja na maskini wa vitu kumi. Mkikutana rafiki kumi au kumi na wawili, na kila mmoja akafundisha wenzake kile akijuacho, baada ya mwaka mmoja kila nyumba itakuwa na ufundi ambao haikuwa nao. Soma habari hii mpaka mwisho, kisha ukaizungumze na mwenzako.

MALI ULIYONAYO BILA KUIHESABU

Fikiri jinsi watu walivyofika katika mashamba haya. Mpango wa makazi wa Ekari Milioni ulianza mwaka wa 1962, na baada yake mashamba mengi makubwa ya Trans Nzoia yalinunuliwa na kugawanywa. Watu walitoka Bungoma na Kakamega, wakatoka Marakwet, Nandi na Pokot, wengine wakatoka Kisii na nchi ya Wagikuyu. Wengine walikuwa hapahapa tangu zamani, wakifanya kazi kwa mabwana waliokuwa na mashamba. Kila jamaa ilifika na jembe, sufuria na watoto. Tena ilifika na kitu kingine kisichopakiwa kwenye gari, nacho ni ufundi wa nyumbani kwao.

Tazama majirani zako. Yupo mama wa Kibukusu ajuaye ni udongo gani wa mtoni usiopasuka chungu kikiokwa. Yupo mzee ajuaye kuwamba ngozi ya litungu na kukaza nyuzi zake mpaka ziimbe. Yupo mama wa Kikalenjin ajuaye kutengeneza kibuyu cha mursik, na kukisugua ndani kwa mkaa wa senetwet ili maziwa yakae siku nyingi na kuwa matamu. Yupo bibi wa Kigikuyu asukaye kiondo cha mkonge huku akizungumza, hata hatazami vidole vyake. Yupo seremala, yupo fundi wa cherehani, yupo mwenye kujua nyuki. Na kijana uliyemdhania mvivu huenda anajua kuunganisha nyaya za taa za jua, au kupiga picha nzuri kwa simu yake.

Katika kijiji cha watu wa asili moja, ufundi huwa wa namna moja. Katika mashamba ya makazi ufundi ni wa namna nyingi, na wote uko umbali wa kutembea kwa miguu. Hiyo ni mali. Lakini ni mali isiyofanya kazi, kama mbegu iliyotundikwa darini.

Wewe mkulima wa Trans Nzoia unajua habari za mbegu kuliko watu wengi. Mwaka wa 1964 wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale walitoa mbegu chotara iliyoitwa H611. Waliipata kwa kuzalisha mahindi yaliyokuwa yamezoea nchi ya Kitale pamoja na mahindi yaliyotoka mbali sana, nchi ya Ecuador huko Marekani ya Kusini. Wazazi hao wawili, kila mmoja akiwa peke yake, walikuwa mahindi ya kawaida. Walipokutana, mtoto wao aliwapita wote wawili. Ndivyo ilivyo kwa kazi za mikono. Kiondo cha mkonge kikitiwa mkanda wa ushanga wa Kipokot si kiondo cha zamani tena, wala si ushanga wa zamani tena. Ni kitu kipya, na mnunuzi husimama akakitazama.

MAFUNDI WAWILI WALIOFUNDISHA WENZAO

Labda utasema, "Nikimfundisha jirani yangu, atanyang'anya wanunuzi wangu." Watu wengi husema hivyo. Basi sikiliza habari za mafundi wawili.

Wa kwanza ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakuwa mtu wa shule kubwa. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za mikono za namna mbalimbali. Mnamo mwaka wa 1968 alianza kuchora picha za wanyama na ndege. Hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi za bei kubwa. Alichora juu ya vipande vya ubao mwembamba, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, upande wa Oyster Bay.

Wanunuzi walipoongezeka, Tingatinga hakufunga mlango. Aliwaita jamaa na rafiki wachache, wakakaa pamoja naye wakichora, akawaonyesha jinsi ya kupaka rangi ya chini, na jinsi ya kumchora chui kwa madoa. Mwaka wa 1972 alikufa ghafla kwa risasi ya polisi. Alikuwa amechora kwa miaka ipatayo minne tu. Kama angalifanya ufundi wake kuwa siri, siri hiyo ingaliingia kaburini pamoja naye. Lakini wale aliowafundisha waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka wa 1990 wakawa chama cha ushirika. Leo michoro ya namna ile huitwa "Tingatinga" katika nchi nyingi za dunia, na jina la mtu mmoja limekuwa jina la kazi iliyolisha nyumba nyingi.

Wa pili ni Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu katika nchi ya Machakos. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifika Tanganyika, na huko akaona mafundi wa kuchonga mti wa mpingo. Alijifunza kwao. Aliporudi Wamunyu alianza kuchonga, na ufundi huo ukaenea kwa jamaa na majirani, mpaka eneo zima likajulikana kwa vinyago. Leo Wamunyu kuna chama cha ushirika cha wachongaji. Wakamba wengine walikwenda na ufundi huo Mombasa, na mwaka wa 1963 wakaanzisha chama chao cha ushirika huko.

Je, wanunuzi wa Munge walinyang'anywa? Fikiri. Mnunuzi hasafiri mpaka kijijini kwa sababu ya mchongaji mmoja mwenye vinyago vitatu. Husafiri akijua kwamba atakuta wachongaji wengi na vitu vingi vya kuchagua. Ndiyo sababu wauza nyanya hukaa pamoja sokoni, wala hawajifichi kila mmoja kwenye kona yake.

KWA NINI VIKUNDI VINGI HUFA MAPEMA

Katika nchi yetu vikundi havikosi kuanzishwa. Vingi hukosa kuendelea. Ukichunguza utaona kwamba vingi vilianza na fedha kabla ya kazi. Watu husikia kwamba kuna msaada unakuja. Hukutana upesi, huchagua mwenyekiti, huandika majina, kisha hukaa kungoja. Msaada usipokuja, kikundi hufa kwa njaa. Msaada ukija, mara nyingi hufa kwa ugomvi.

Kikundi cha kufundishana hakiwezi kufa kwa njaa, kwa maana chakula chake ni kazi yenyewe. Mwanachama aliyekuja Jumatano akarudi nyumbani anajua kusuka kitako cha kikapu amekwisha kupata faida yake, hata kama sandukuni hamna shilingi. Wiki ijayo atarudi, kwa sababu hajajua bado kusuka ubavu wake. Basi anzeni na ufundi. Fedha itawakuta njiani.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, chagua rafiki unaowaamini. Msiwe wengi mno. Watu kumi mpaka kumi na watano wanatosha. Usichague wa ukoo wako tu, wala wa kanisa lako tu, kwa maana mtakuwa na ufundi wa namna moja. Changanya wanaume na wanawake, wazee na vijana.

Pili, katika mkutano wa kwanza msichague mwenyekiti. Chukueni daftari la shule. Kila mtu aulizwe maswali mawili tu: "Unajua kufanya nini?" na "Ungependa kujua nini?" Mwandike majibu yote. Usimruhusu mtu kusema, "Mimi sijui kitu." Mwulizeni jirani yake, naye atawaambia. Mama mmoja aweza kukana, lakini wenzake wanajua kwamba hakuna arusi isiyomwita kutunga nyimbo.

Tatu, linganisheni majibu. Mtaona kwamba watano wanataka kujua kazi ambayo mmoja wenu anaijua. Hapo ndipo pa kuanzia. Kazi ya kwanza iwe ndogo, iweze kumalizika kwa siku nne au tano za kukutana, na vifaa vyake vipatikane karibu. Kikapu, kigoda, mkeka au mpini uliochongwa vizuri vyafaa. Mkianza na kinyago cha tembo, wengi watakata tamaa kabla ya kufika kwenye masikio.

Nne, wekeni siku moja katika juma, isiyo siku ya soko wala ya ibada, na saa mbili tu za alasiri, ili watu wawahi kukama. Wakati wa kupanda na wakati wa palizi, kutaneni mara moja kwa mwezi. Kikundi kinachoharibu shamba hakitapendwa na mke wala mume wa mtu.

Tano, mwalimu ajue kufundisha. Mafundi wengi hodari hushika chombo wenyewe wakisema, "Tazama hivi." Mwanafunzi hutazama, lakini mikono yake hubaki mijinga. Mwalimu aonyeshe mara moja, kisha akae juu ya mikono yake mwenyewe, amwache mwenziwe akosee. Kikapu cha kwanza kitakwenda upande. Hakuna ubaya. Kiwekeni mtilie mayai.

Sita, kila mtu awe mwalimu zamu yake. Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Kijana wa nyaya za taa afundishe wazee, na wazee wamfundishe kuchonga. Mtu anayefundisha daima huwa bwana, na mtu anayefundishwa daima huona haya. Wakibadilishana, ni rafiki.

FEDHA IKIFIKA

Siku moja mtu atapita, ataona kazi yenu, atauliza bei. Siku hiyo isiwakute bila kanuni. Kaeni mapema mkubaliane jinsi ya kugawanya, mwandike na kila mtu atie sahihi au alama ya kidole.

Mfano ni huu. Tuseme kigoda kimeuzwa shilingi 800. Mbao, misumari na rangi vilinunuliwa kwa shilingi 300 za kikundi. Shilingi 300 zirudi sandukuni kwanza, ili ziwepo za kununua mbao nyingine. Zinabaki shilingi 500. Ikiwa mmekubaliana fungu la kumi ni la kikundi, basi shilingi 50 ziingie sandukuni, na shilingi 450 apewe aliyetengeneza kigoda. Kama walikuwa wawili, wagawane kwa siku walizofanya kazi, kama zilivyoandikwa daftarini. Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuikagua, na ndivyo inavyotakiwa. Hesabu isiyoeleweka na mwanachama wa mwisho ni mlango wa mwizi.

Wekeni madaftari matatu: moja la majina na mahudhurio, moja la maazimio ya mikutano, na moja la fedha. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali. Sasa mwaweza kuchagua mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, kwa kuwa mmekwisha kuonana kazini na mnajua nani huja kwa saa na nani hutunza vyombo.

Mkiisha kuona kwamba kikundi kimesimama, kiandikisheni. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na katiba yake iliyoandikwa. Nendeni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii mkiwa na katiba hiyo, orodha ya wanachama, na daftari la mikutano. Cheti kitawasaidia kufungua hesabu ya benki na kutambuliwa na wanunuzi wakubwa. Lakini cheti si kikundi. Cheti hakisuki kikapu.

MAHALI PA KUJIFUNZA ZAIDI

Mkitaka kuona vyombo vya kale ili mpate mifano, Kitale si mbali. Liko Jumba la Makumbusho, ambalo mwanzo wake ni vitu vilivyokusanywa na mzungu aitwaye Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka wa 1926. Lilifunguliwa mjini Kitale mwaka wa 1974. Nendeni pamoja, mchukue daftari, mchore kile mkionacho. Mzee wenu akikiona chombo cha utoto wake atawaeleza habari zake njiani mnaporudi.

Iko pia Manor House, karibu na Kitale, ambayo tangu mwaka wa 1984 imefundisha wakulima jinsi ya kulima eneo dogo na kupata mavuno mengi bila kuichosha ardhi. Kikundi chaweza kumpeleka mmoja akajifunze, kisha arudi afundishe wote. Nauli ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko ya watu kumi na wawili.

Wala msiwasahau watoto. Vilabu vya 4K vilianza katika Kenya mwaka wa 1962, na maana ya jina ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilipungua nguvu kwa muda, vikahuishwa tena mwaka wa 2021. Mwulizeni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kama ataruhusu mzee mmoja aje siku moja katika wiki kuwafundisha watoto kufinyanga au kupiga litungu. Watoto wetu leo wana vidole vyepesi juu ya simu. Vidole hivyohivyo vyaweza kusuka.

JAMBO KUBWA KULIKO VIKAPU

Ndugu mkulima, shamba ulilopewa au ulilorithi haliongezeki. Baba alikuwa na ekari kumi na tano, wana wake watano wakapata tatu tatu, na wajukuu watapata nini? Hawawezi wote kuishi kwa mahindi. Kijana mwenye ufundi wa mikono hana haja ya kumngojea babaye afe ili apate mahali pa kusimama.

Tena kuna jambo ambalo wenye umri wanalikumbuka. Mwaka wa 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka wa 2008, jamaa nyingi za Trans Nzoia zilihama makwao kwa sababu ya fujo kati ya watu waliokuwa wakichota maji kwenye mto mmoja. Haifai kusema kwamba vikapu vitazuia fujo. Fujo zina sababu nyingi, na nyingi hazianzii kijijini. Lakini ni vigumu kuamini uvumi juu ya mtu ambaye amekaa karibu nawe kila Jumatano, akashika mkono wako na kuuongoza, na kucheka nawe kikapu kilipokwenda upande. Ukiulizwa habari zake, utajibu kwa ulichokiona, si kwa ulichosikia.

Na wazee hawangoji. Yule mama ajuaye udongo wa chungu ana umri mkubwa. Yule mzee wa litungu haoni vizuri. Hawakuficha ufundi wao kwa choyo. Hakuna aliyekwenda kuwaomba. Kila mwaka tunazika watu, na pamoja nao tunazika kazi ambazo hakuna aliyeziandika, wala aliyejifunza.

Basi kabla mvua za Machi hazijakuita shambani, nunua daftari moja. Nenda kwa mtu mmoja tu, umwulize maswali yale mawili: anajua kufanya nini, na angependa kujua nini. Akiisha kujibu, naye akuulize wewe. Hapo mtakuwa wawili. Wanaobaki ni wanane.